Tuamue Kabla ya Kuruka



Tarehe 24 Novemba 2019, Jumapili ya Kristo Mfalme, ndege ndogo iendayo Beni iliruka Goma na punde ikaangukia nyumba za mtaa wa Mapendo. Walikufa abiria, wakafa na watu wa chini. Sisi wa Temeke, ambao ndege hupita juu ya mapaa yetu, tuwaombee.

Rubani wa ndege ya injini moja hufundishwa kuamua kabla ya kuruka: injini ikizimika angali chini, asigeuke kurudi uwanjani, ainamishe pua, alinde mwendo, atue mbele. Hapo hakuna wasaa wa kushauriana.

Nasi, mbona twaahirisha kitubio na upatanisho hadi saa ya hatari? Tuamue leo, injini ingali ikinguruma. Amina.