SHAURI KWA MAFUNDI: Mwendo wa Jiwe la Kunolea

Fundi wa Pioneer, Eldoret, afungaye jiwe la kunolea chuma hana haja ya kununua chombo cha ghali ili kuujua mwendo wake. Na asome kibati cha mota; tuseme kimeandikwa mizunguko 1,440 kwa dakika. Azidishe namba hiyo kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha agawanye kwa kipenyo cha puli ya jiwe. Puli ya sentimita 10 ikivuta ya 5, jiwe litazunguka mara 2,880. Ukanda ukiteleza, litapungua kidogo. Lakini akifunga ya 20 mahali pa ile ya 10, mwendo utafika 5,760. Jiwe lililoandikwa kikomo cha 3,000 laweza kupasuka na kuua mtu. Tahadhari kabla ya hatari.