Kutoa ni moyo, na hesabu pia

Na Rukia Mwachiro

Washauri wa fedha hawachoki kutusuta: punguzeni michango, wekeni akiba. Kwao, mia tano uliyotoa kwenye msiba wa jirani imepotea. Mimi nakataa.

Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwahi kuwachezesha Waorma, wafugaji wa Tana River nchini Kenya, mchezo wa pesa taslimu. Kila mmoja alipewa fedha, aamue atatia kiasi gani katika mfuko wa pamoja. Kilichotiwa kiliongezwa maradufu, kisha kikagawanywa sawa, kwa aliyetoa na asiyetoa. Anayejijali peke yake hatoi hata ndururu. Anangoja cha wenzake. Waorma hawakuhitaji maelezo mengi. Waliuita mchezo wa harambee, wakatoa kwa wastani asilimia 58, na robo yao wakatia zote.

Si kwamba hawajui hesabu. Mfugaji anajua kwamba ukame ukimaliza ng'ombe wa jirani leo, kesho ni zamu yake. Mchango ni bima, na heshima ndiyo inayoilinda.

Tazama orodha ya mchango katika WhatsApp ya mtaa: jina, kiasi, alama ya tiki, na neno "ahadi" kwa anayesubiri mshahara. Mhazini huituma upya kila jioni. Mia mbili ya muuza mahamri inasomwa pamoja na elfu tano za mwalimu mkuu. Siku mtoto wa muuza mahamri huyo atakapokosa karo, hakuna atakayemdai dhamana. Jina lake linajulikana.

Ndiyo maana naiunga mkono marufuku ya Rais William Ruto ya Julai 2024, iliyowazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Kiongozi akileta bunda la noti zisizojulikana zilikotoka, wanakijiji hawana cha kumrudishia ila kura. Waliokuwa wachangaji wanageuka wapiga makofi.

Lakini asije mtu akaitumia marufuku hiyo kuwabana majirani wanaochangiana. Wala serikali isiwatwike wananchi mzigo wake: madarasa na dawa ni kazi ya kodi. Nao washauri wetu wa fedha, badala ya kutukataza kuchanga, watufundishe kuchagua pa kuchanga. Changa unapojulikana, na hesabu inaposomwa hadharani. Pesa uliyoiweka hapo haijapotea.