Chenin Blanc ipo Dodoma, kwa nini tuagize Gascogne?

Mwandishi, katika makala yako kuhusu mvinyo wa Gascogne, Ufaransa, umeruka jambo. Zabibu za huko, Ugni Blanc na Colombard, kwa muda mrefu zilikamuliwa ili mvinyo wake upikwe kuwa Armagnac (gongo lenye vyeti, tuseme ukweli). Soko la pombe kali liliposhuka, wakulima wakaanza kuuchanganya mvinyo huo na kuuza hivyohivyo, mweupe, mkavu, wa kunywewa baridi mwaka uleule. Ndiyo maana bei yake ni nafuu: mashamba yapo, jina kubwa kama la Bordeaux halipo.

Sasa sisi wa Geita tuagize huko kwa nini? Dodoma kuna Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa hiyohiyo. Tena Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mfaransa huvuna mara moja, kwani baridi hulaza mizabibu yake. Na mzigo unakuja kwa barabara, Singida, Nzega, Kahama, basi.

Shida yangu ni maduka ya hapa Katoro. Chupa ya mvinyo inaanikwa dirishani juani miezi, kisha unauziwa ikiwa na joto la uji. Niliyonunua mwezi jana ilikuwa imegeuka rangi ya chai, nikaishia kulowekea nyama. Mvinyo mweupe ukipoa vizuri, na sato wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, huwezi kuniambia habari za bia.

Mlioko Kahama, duka gani huko huiweka chupa kwenye friji?