Suluhu ya Vijana na Mpaka Wake

Ndugu Waislamu, tangu moto wa Sekondari ya Kyanguli, Machakos, ulioua wanafunzi 67 mwezi Machi 2001, hadi ule wa Moi Girls, Nairobi, ulioua wasichana 10 Septemba 2017, Kenya imekuwa ikijiuliza hasira za vijana zipitie wapi kabla hazijageuka maangamizi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Lakini kuondoa adhabu peke yake hakumfundishi kijana kusuluhisha.

Iko njia iliyoenea katika shule za Marekani tangu miaka ya 1980: wanafunzi kupatanishwa na wenzao. Wapatanishi wawili waliofunzwa huketi faraghani na wagombanao. Kila mmoja husema bila kukatizwa, kisha hueleza alichokisikia kwa mwenziwe, na suluhu huitafuta wao wenyewe. Faida yake iko wazi. Mara nyingi kijana huogopa aibu mbele ya rika lake kuliko adhabu. Mwalimu akihukumu, mmoja hushinda na mwingine huondoka na fedheha, nayo fedheha huzaa kisasi bwenini.

Hekima hii si ngeni kwetu. Makureshi walipokaribia kumwaga damu wakigombea kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, Mtume Muhammad (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alitandaza nguo, akaliweka jiwe juu yake, na kila ukoo ukashika upande. Hakuna aliyeaibika.

Hata hivyo, suluhu ina mpaka. Suratul Hujurat, aya ya 9, yaamrisha kupatanisha; lakini upande mmoja ukidhulumu, uzuiwe kwanza hadi urejee, ndipo wapatanishwe kwa uadilifu. Basi ugomvi wa kitabu kilichopotea, utani uliozidi au uvumi wa simu wawafaa wapatanishi wa rika. Ama mtoto anayepigwa na wakubwa, anayenyang'anywa fedha au aliyenajisiwa, huyo hakugombana, amedhulumiwa. Kumlazimisha apeane mkono na aliyemdhulumu ni kumdhulumu mara ya pili. Hilo ni la mwalimu, mzazi na sheria.

Wazazi, chuo cha kwanza ni nyumbani. Watoto wetu wakigombana, tusikimbilie kumtafuta mkosa. Tumsikilize kila mmoja hadi mwisho, mwenziwe akisikia. Na mmoja akiwa na alama mwilini, tusiseme ni mambo ya watoto. Wallahu aalam.