Daftari la Mrajis Si Mali ya Chama Tawala



Imekuwa ada ya matawi yetu, ya Unguja na ya Pemba, kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, kuchanga fedha na kuagiza mchele, unga, sukari na tende kwa bei ya jumla, ili asiye na uwezo naye apate futari bila ya kwenda kukopa. Jambo hili ni jema na sisi tunaliunga mkono kwa moyo mmoja. Lakini fedha hizo ni amana. Ni shilingi za mvuvi, za mama muuza urojo, na za mkulima aliyepanda mkarafuu kwa roho mkononi. Na hatuoni uangalifu uliolingana na uzito wa amana hiyo pale fedha zinapotolewa na kupelekwa kwa mtu tusiyemjua ila kwa karatasi yenye nembo nzuri na sauti tamu ya simu.

Wazee wetu walinunua kwa kumjua mtu. Duka lake lilikuwa Darajani au Malindi, msikiti anaosali ulijulikana, na akitoroka walikuwepo jamaa wa kuwauliza. Leo muuzaji wetu yuko Dar es Salaam, Dubai, Mumbai au Guangzhou, na uso wake ni ankara iliyoletwa kwa simu. Chini ya ankara hiyo pana muhuri, na wengi wetu tukiuona muhuri nyoyo hututulia, ilhali kila mtu anajua kuwa muhuri huchongwa mjini kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa.

Dawa ipo, wala si ya ghali. Serikali za dunia nzima zimeweka madaftari ambamo kila kampuni huandikwa jina lake, nambari yake, siku iliyoandikishwa na anwani ya ofisi yake, na katika mengi ya madaftari hayo huandikwa pia majina ya wakurugenzi na ya wenye hisa. Madaftari hayo yamewekwa ili yasomwe na umma. Sisi tuna letu hapa Zanzibar, chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali uliotokana na sheria ya mwaka 2012. Na Tanzania Bara wana lao chini ya BRELA, wakala ulioanza kazi mwaka 1999 na ambao tangu 2018 unaandikisha kwa njia ya mtandao. Ni madaftari mawili mbalimbali, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kampuni ya Kariakoo haitaonekana katika daftari la Zanzibar, wala ya Chake Chake katika daftari la Bara. Kwa hiyo suali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: umeandikishwa upande gani, na kwa nambari ipi?

Hapa tunataka kusema neno ambalo huenda likawachoma baadhi ya ndugu zetu. Wapo wanachama, na si wachache, wanaosema kuwa hawendi katika ofisi ya Serikali kwa jambo lolote, kwa kuwa wakifika wataulizwa ni wa chama gani, na wakijulikana watazungushwa. Hatuwalaumu kwa uchungu huo. Sababu zake tunazijua sote. Lakini daftari la Mrajis si mali ya chama tawala. Limewekwa kwa sheria, linaendeshwa kwa ada na kodi ambazo sisi pia tunazilipa, na anayekwenda kulitazama haombi fadhila. Tukilisusa, anayepata khasara ni nani? Si chama tawala. Ni tawi letu, ambalo limepeleka fedha kwa kampuni isiyokuwepo, kisha linakuja kulia katika mkutano.

Wengine husema kuwa kumtafuta mtu katika daftari ni kumdhania vibaya, na dhana mbaya ni dhambi. Twawajibu kwa adabu. Muuza nyama anapoweka mizani mbele ya mnunuzi, hamwambii mtu kuwa ni mwizi, wala mnunuzi anayetazama mizani hajamtukana muuza nyama. Na sote tuliopita chuoni tunajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Suratul Baqara, haikushuka juu ya vita wala juu ya mirathi, bali juu ya deni, kuandikiana na mashahidi. Aya ya sita katika Suratul Hujurat nayo inahusu kuchunguza khabari aliyoileta mtu asiyeaminika kabla ya kuifanyia kazi. Mfanyabiashara mwaminifu huona raha kuulizwa nambari yake. Anayekasirika, basi hasira yake nayo ni khabari.

Sasa tueleze namna ya kulisoma daftari, maana kulifungua tu hakutoshi.

Kwanza, jina la biashara si kampuni. Mtu akiandikisha jina la biashara, yeye na biashara yake ni kitu kimoja, na deni la biashara ni deni lake. Kampuni ni kiumbe kingine mbele ya sheria. Alikuwepo London mshona viatu aitwaye Aron Salomon ambaye mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe. Katika hisa 20,007 alishika 20,001, na sita zilizobaki zilikuwa za mkewe na watoto wake, kila mmoja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai wa kawaida hawakupata kitu, na mwaka 1896 baraza kuu la hukumu la Uingereza likaamua kuwa deni lilikuwa la kampuni na si la Salomon, ingawa kampuni ilikuwa karibu yote ni yeye. Hukumu hiyo inafuatwa hadi leo katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, na yetu ni mojawapo. Basi ukiona ankara ina neno Limited, jua kuwa unadai kiumbe cha karatasi, na kiumbe cha karatasi hakina nyumba ya kwenda kugongwa mlango. Ndiyo sababu inafaa kujua ana umri gani na nani wamesimama nyuma yake.

Umri husema mengi. Kampuni inayojisifu kwa miaka ishirini ya biashara ya mchele, na daftari likaonyesha kuwa iliandikishwa mwezi uliopita, imejikadhibisha yenyewe. Tazama pia kama bado imo katika daftari au imekwisha kufutwa. Kisha linganisha jina, herufi kwa herufi, baina ya daftari, ankara na akaunti ya benki. Wajanja hupenda kuchukua jina la kampuni ya kweli na kuongeza neno moja, mfano Traders au International, wakijua kuwa jicho la mtu mwenye haraka litalipita. Na akaunti iwe ya kampuni. Tukiambiwa tulipe katika akaunti ya mtu binafsi, au ikija barua pepe kuwa akaunti imebadilika, tusilipe mpaka tupige simu tuliyoipata sisi wenyewe mahali pengine, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

Kwa muuzaji wa nje, kila nchi ina mlango wake. China kila kampuni hupewa nambari moja yenye tarakimu na herufi 18, utaratibu ulioanza Oktoba 2015, na daftari lao ni la Kichina. Jina la Kiingereza lililo juu ya ankara ni la mapambo tu, kwa hivyo mtakeni muuzaji jina lake la Kichina na nambari hiyo. India nambari ya kodi ya bidhaa ina tarakimu na herufi 15, na mbili za mwanzo ni za jimbo: 27 ni Maharashtra, 24 ni Gujarat. Anayedai kuwa ofisi yake iko Mumbai na nambari yake ya huko inaanza kwa 24, aeleze. Dubai waulizeni kama leseni ni ya mji au ya eneo huru, kwa kuwa maeneo huru yana madaftari yao, na watazameni tarehe ya kwisha leseni. Uingereza ndiyo rahisi kuliko zote: tangu Juni 2015 khabari zote za makampuni zilizomo katika mtandao wao husomwa bure, na kijana yeyote wa sekondari mwenye simu anaweza kuzileta kabla maji ya chai hayajachemka.

Lakini tusilifanye daftari kuwa sanamu. Daftari huandika lile lililoletwa. Mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja wa Uingereza aliandikisha kampuni na kumtia Vince Cable, aliyekuwa Waziri wa Biashara wa nchi hiyo, kuwa mkurugenzi na mwenye hisa, bila ya Waziri mwenyewe kujua, na daftari likakubali. Alisema alitaka kuonyesha udhaifu wake. Malipo yake yalikuwa kushitakiwa, na mwaka 2018 alitozwa zaidi ya pauni 12,000 kwa faini na gharama! Ni mwaka 2024 tu ndipo Mrajis wao alipoanza kupewa nguvu za kuhoji na kukataa anayoletewa. Basi kuwemo katika daftari hakumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini kutokuwemo, kwa anayedai kuwa ni kampuni, kunatosha kutufanya tufunge mkoba.

Na hapa tunaigeukia Serikali. Chama chetu kimekuwa kikiuliza, na kitaendelea kuuliza, ni nani wanaopewa kazi za umma. Suali hilo haliwezi kujibiwa ikiwa daftari linaonyesha jina na nambari tu, na majina ya watu yanahitaji maombi na ada. Sheria ya fedha ya mwaka 2020 ilileta Tanzania Bara daftari la wenye faida khasa katika makampuni, yaani wale walio nyuma ya pazia, lakini hilo si daftari ambalo muuza duka anaweza kulifungua na kusoma. Sisi tunadai majina ya wakurugenzi na wenye hisa wa kila kampuni iliyoandikishwa Zanzibar yasomwe bure na kila mtu, kama yasomwavyo Uingereza. Kama raia wa London anaweza kujua ni nani anayemuuzia mkate, kwa nini raia wa Wete asijue ni nani anayejenga barabara yake? Wawakilishi wetu na waliulize hili Barazani, na Waziri ajibu.

Wakati tukingoja jibu, kazi ya nyumbani ni yetu. Rai yetu ni kuwa kila tawi lichague watu wawili, mmoja mzee wa biashara na mmoja kijana anayejua mtandao, wawe ndio wanaotafuta khabari za muuzaji kabla ya kila ununuzi. Karatasi ya daftari ibanwe pamoja na ankara, isomwe mbele ya kamati, na iwekwe katika jalada. Hili liwe kwa futari, na liwe kwa karatasi, wino na kitambaa cha bendera vinavyonunuliwa na makao makuu, hata kama muuzaji ni mwanachama mwenzetu na kadi yake ni ya zamani kuliko zetu. Na ankara itakayofika kwa Mweka Hazina bila ya karatasi hiyo, asiitie saini, airudishe tawini.