Mwamini na Mwaminifu: Tuzisaili Nia Zetu

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotoka katika shina moja ilhali hayana maana moja: mwamini na mwaminifu. Mwamini ni yule aliyeikubali imani. Mwaminifu ni yule asiyeiacha inapomgharimu. Madaftari ya makanisa yetu huwahesabu wa kwanza. Wa pili hawajulikani ila siku ya mtihani. Makala haya yanadai kuwa Mkristo, hasa aliye msomi, ana wajibu wa kuisaili nia yake kabla ya siku hiyo kufika, na kwamba kujisaili huko si upungufu wa imani bali ni ulinzi wake.

Swali lenyewe si geni katika Maandiko. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani hamshtaki Ayubu kwa dhambi yoyote. Anachokitilia shaka ni nia. Anashuku kuwa mtu huyu anamcha Mungu kwa sababu ya mifugo, watoto na afya. Katika Injili ya Yohana sura ya sita, umati uliokula mikate unamfuata Yesu hadi ng'ambo ya ziwa, naye anawaambia wazi kuwa wamefuata shibe. Mafundisho yalipokuwa magumu, wengi walirudi makwao. Waswahili walikwisha kunena kuwa mkono mtupu haulambwi. Je, tungeulamba mkono wa Mungu kama ungekuwa mtupu?

Historia ya Afrika Mashariki inalipa swali hili uzito wa pekee, maana huku Ukristo na kusoma viliingia pamoja. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hadi leo kitenzi okusoma katika Kiganda hubeba maana ya kusoma na ya kuabudu. Wakikuyu nao waliwaita Wakristo wao athomi. Alexander Mackay wa CMS alipofika Buganda mwaka 1878, na Mapadri Weupe walipomfuata mwaka 1879, vijana wa kasri la Kabaka waliwaendea. Hapana shaka wapo waliovutwa na kiu ya Neno. Wapo pia waliovutwa na ajabu ya karatasi inayosema, na wengine na matumaini ya cheo.

Hata hivyo, Kabaka Mwanga alipowaandama kati ya miaka 1885 na 1887, vijana hao hao walikubali kufa. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja. Funzo la kwanza ni kwamba nia iliyochanganyika mwanzoni haimzuii mtu kuwa mwaminifu mwishoni. Lakini kuna funzo la pili, ambalo mahubiri ya kila mwezi Juni hulipita haraka. Tarehe 24 Januari 1892, miaka isiyotimia sita baadaye, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana huko Mengo, huku kambi zao zikiitwa Wafaransa na Waingereza, na bunduki ya Maxim ya Lugard ikiamua mshindi. Vyeo na ardhi vilikuwa vimeingia pale palipokuwa na msalaba. Sadaka ya jana, basi, si dhamana ya uaminifu wa leo.

Nchini Kenya mfano ulio karibu ni wa mwaka 1929. Baadhi ya misheni za Ukikuyuni ziliwataka waumini na walimu waapie kuukana ukeketaji wa wasichana. Alama ya kidole gumba, kirore, ikawa jina la waliokubali. Wengi walitoka, na kutokana nao zikachipuka shule na makanisa huru. Sitetei ukeketaji, ni dhuluma, na sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Ninachouliza ni hiki: kidole kilipogusa karatasi, kiligusa kwa niaba ya nani? Mwalimu aliyetia alama kwa kusadiki na yule aliyeogopa kupoteza mshahara waliacha alama zinazofanana. Aliyekataa kwa kuipenda mila na aliyekataa kwa kumchukia mzungu walitoka kwa mlango mmoja. Tendo huonekana, nia hubaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana hakuna kamati wala askofu awezaye kutufanyia kazi hii ya kujisaili.

Wapo watakaopinga kuwa mwaminifu hahoji, hutii. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa na msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na walionusurika wakasimulia jinsi walivyohimizwa kufunga hadi kufa. Uaminifu wa watu wale haukuwa haba. Ulikuwa mwingi, ila uliwekwa kwa mwanadamu mahali pa Mungu. Uaminifu usiosailiwa huweza kuibwa.

Turudi chuoni. Mtu hujiunga na umoja wa wanafunzi Wakristo kwa sababu nyingi: faraja ya ugenini, marafiki, mchumba, cheo, au barua ya mchungaji atakayoiambatisha na ombi la kazi. Fuata nyuki ule asali. Sioni aibu katika kuanzia hapo, kwani hata wasomaji wa Buganda walianzia kwenye mchanganyiko kama huo. Aibu ni kuhitimu bila kujua kama tuliupenda mzinga au asali. Kipimo kipo, nacho ni chepesi kukitaja na kizito kukitumia. Tukiondolewa faida, tutabaki? Askofu akikosea, tutathubutu kusema? Mwanasiasa akileta bahasha madhabahuni, au kabila letu likitaka tumchukie jirani, tutakuwa wa nani?

Sisi tunaosomea fasihi tumefunzwa kumchambua mhusika kwa kuyalinganisha maneno yake na matendo yake, na hatumsamehi mwandishi ambaye mhusika wake hana msukumo unaoeleweka. Tulio Wakristo tujisome kwa jicho hilo hilo kali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mungu naye anastahili marafiki wa namna hiyo.