ECG imefika kituoni, nani anausoma mstari wake?

Si zamani sana mtu wa wilayani aliyehitaji kipimo cha ECG alikuwa anaandikiwa rufaa ya kwenda mkoani. Siku hizi mashine hiyo, ndogo tu ya kubebwa mkononi, unaweza kuikuta kwenye hospitali ya wilaya na hata kwenye baadhi ya vituo vya afya. Wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) nao hutoka Dar es Salaam na kuwafuata wananchi mikoani kwa vipimo vya moyo. Ni habari njema, na picha za makabidhiano ya vifaa huwa nzuri. Swali ambalo picha hizo hazijibu ni hili: mashine ikishatoa karatasi yake saa nane usiku, nani anaisoma?

Mara nyingi ni muuguzi, kwa sababu ndiye aliyepo. Kwa hiyo inafaa wewe unayelazwa kwenye kile kitanda ujue tunatazama nini, na ujue pia ni wapi mambo hukwama.

Kwanza niondoe hofu moja. Wengi huuliza kama watapigwa shoti. Hapana. Mashine haiingizi umeme mwilini. Inapokea ule ambao moyo wako wenyewe unautengeneza. Kila pigo huanzia kwenye chumba cha juu cha kulia, umeme ukasambaa vyumba vya juu, ukapita njia nyembamba ya katikati, kisha ukashuka vyumba vya chini ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Kwenye karatasi safari hiyo inaonekana kama kilima kidogo (P), mlima mrefu mwembamba (QRS), halafu kilima cha mwisho (T) wakati moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata. Herufi hizo tumezirithi kwa Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Wewe unapakwa jeli tu.

Kwa miaka mingi kuusoma mstari huo kulihesabiwa kazi ya daktari peke yake. Mambo yalianza kubadilika Marekani mwaka 1962, pale Dkt. Hughes Day alipofungua wodi maalumu ya wagonjwa wa moyo Kansas City, na karibu na wakati huohuo Dkt. Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo wakaanza mpango kama huo Philadelphia. Sababu yao ilikuwa ya dakika. Moyo ukiingia kwenye mdundo mbaya kiasi cha kuacha kusukuma damu, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na daktari hashindi pembeni ya kitanda. Muuguzi anashinda. Basi wauguzi wakafundishwa kuutambua mdundo na kuushtua moyo wenyewe, bila kusubiri mtu aitwe. Ni zaidi ya miaka 60 sasa, lakini bado nasikia watu wakisema kwamba muuguzi anayesoma ECG anaingilia kazi isiyo yake.

Sasa tunasomaje? Kabla ya karatasi tunakutazama wewe. Unaongea? Unatoka jasho la baridi? Presha ikoje? Mapigo yanasikika mkononi au shingoni? Hatua hii siyo adabu tu. Mstari unaweza kuwa mzuri kabisa huku mgonjwa hana mapigo: umeme upo, lakini misuli haisukumi damu. Huyo anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo, siyo kusomewa karatasi.

Kisha tunahesabu. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04 na mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Gawanya 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya mlima na mlima. Ikiwa minne, moyo unakwenda mapigo 75 kwa dakika. Ikiwa miwili, 150. Mtu mzima aliyepumzika tunamtegemea awe kati ya 60 na 100, ingawa mkimbiaji wa Mbulu anaweza kuwa na 48 na hana shida yoyote. Milima ikiwa haina mpangilio, hesabu hiyo inadanganya. Hapo tunahesabu milima yote iliyomo kwenye miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, na kuzidisha kwa 10.

Mpangilio wenyewe tunaupima kwa njia ambayo hata mtoto wa shule angeiweza: chukua ukingo wa karatasi nyingine, weka alama kwenye vilele viwili vinavyofuatana, usogeze mbele. Alama zikiendelea kuangukia vileleni, mdundo una mpangilio. Halafu tunatafuta vilima vya P. Je, kila mlima una P yake mbele? Kutoka P inapoanza mpaka mlima unapoanza tunategemea miraba midogo 3 hadi 5. Ikizidi, umeme unacheleweshwa njiani. P zikienda na mwendo wake na milima na mwendo wake, kama watu wa nyumba moja wasiosalimiana, basi njia imekatika kabisa. Mgonjwa huyo huenda akahitaji kuwekewa betri ya moyo, na rufaa yake ni ya leo, siyo ya Jumatatu.

Mwisho tunapima upana wa mlima. Unatakiwa uwe chini ya miraba midogo mitatu. Milima mipana inayokwenda kwa kasi tunaichukulia kuwa hatari mpaka ithibitike vingine, hata kama mgonjwa anakaa na kuongea. Na mstari ukiwa wa kutetemeka ovyo, hauna mlima wala kilima, na mgonjwa hajibu, hakuna cha kupima tena: ni kukandamiza kifua na kuleta mashine ya kushtua moyo.

Kuna mitego. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au homa huchora mstari unaofanana na ugonjwa. Waya uliochomoka huchora mstari mnyoofu kama wa maiti wakati mwenyewe anakuuliza chakula kitakuja saa ngapi. Waya za mikono zikibadilishana upande, mstari wa kwanza hugeuka chini juu. Mtego ninaouogopa zaidi ni yale maneno ambayo mashine huandika juu ya karatasi. Mashine ikiandika kwamba kipimo ni cha kawaida, mtu aliyechoka huamini na kuweka karatasi kwenye faili. Maneno yale ni maoni ya programu ambayo haijakuona. Mdundo ukiwa mzuri pia hauondoi shambulio la moyo. Mwenye maumivu ya kifua tunatakiwa tumpime ndani ya dakika 10 tangu afike, na tukihitaji tunarudia.

Lakini mdundo unaonisumbua zaidi haupigi kelele. Kazini tunauita AF. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kudunda. Kwenye karatasi P hazipo, na milima inakuja bila mpangilio wowote. Katika nchi tajiri huo ni ugonjwa wa wazee zaidi. Kwetu tunaukuta pia kwa mama wa miaka 30 na kitu, ambaye utotoni koo lilimuuma, hakutibiwa vizuri, ikafuata homa ya rumatiki, na homa ile ikamharibia valvu za moyo. Anakuja akisema moyo unamwenda mbio na anachoka akibeba ndoo. Ni rahisi kumwambia ni mawazo. Damu inayotuama kwenye chumba kinachotetemeka huganda, donge likikatika likapanda kichwani, mama huyo anapata kiharusi akiwa na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana kusoma mdundo huu mapema kuna thamani: dawa ipo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa namna hii kutoka nchi 24, Afrika ikiwemo. Ulilinganisha dawa mpya, rivaroxaban, isiyodai kupimwa damu mara kwa mara, na dawa za zamani za kundi la warfarin. Waliotumia dawa za zamani walifariki wachache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa hiyo kama una ugonjwa huu wa valvu na umeandikiwa warfarin, usibadilishe kwa sababu duka la dawa wana kitu cha kisasa. Fuatilia kipimo chako cha INR. Na kama unapanga kubeba mimba, uje tuzungumze kabla, maana warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni, usiiache kimyakimya.

Kwenye makaratasi ya sera, mambo yanakwenda upande mzuri. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa PEN-Plus, unaotaka magonjwa kama haya ya valvu, selimundu na kisukari cha aina ya kwanza yahudumiwe karibu na wananchi, kwenye hospitali za wilaya. Rwanda ilianza njia hiyo tangu mwaka 2006, na wauguzi ndio wanaoendesha kliniki hizo kwa usimamizi wa madaktari. Inawezekana, basi.

Kinachokosekana ni vitu vidogo. Mashine hununuliwa mara moja, karatasi zake zinaisha kila mwezi. Nimeona mashine nzima ikifunikwa kitambaa kwa kukosa karatasi. Kwenye stashahada somo la ECG ni fupi, na semina ya siku mbili yenye vyeti haitoshi, kwa sababu jicho lisiposoma kila wiki linasahau. Kituo kinahitaji ukurasa mmoja ukutani unaosema mdundo huu fanya hivi, mpigie huyu, na huyo wa kupigiwa awe amepangwa kwa zamu, siyo rafiki wa muuguzi anayepigiwa kwa salio la muuguzi. Picha ya karatasi kwa simu imeokoa watu wengi usiku, ila jina lako lifunikwe kabla haijatumwa. Una haki ya kuliomba hilo.

Omba na mengine pia. Uliza: "Mdundo wangu una mpangilio? Nani ameusoma?" Hakuna muuguzi anayejua kazi yake atakayekasirika. Ukiwa na saa ya kisasa uliyoletewa na ndugu wa ughaibuni, ituletee ikikuonya kuhusu mapigo yasiyo na mpangilio, lakini usiitegemee kwa maumivu ya kifua. Inaangalia moyo kwa upande mmoja tu. Ukizimia ghafla, ukibanwa kifua, au mdomo ukipinda na mkono ukalegea, usisubiri asubuhi.

Na karatasi yako ya ECG ipige picha siku hiyohiyo, maana kliniki tunapenda kulinganisha ya zamani na mpya. Wino wake hufifia kwa jua na joto. Usiipeleke kuwekewa laminesheni ukidhani unaitunza. Joto la ile mashine huigeuza nyeusi yote.